Mhandisi wa Chicago na Baiskeli ya Mwanariadha

Nimesaini barua nyingi maishani mwangu, na nyingi nimezisahau, kwani kazi ya ualimu na ukatibu wa kamati ni kazi ya karatasi. Lakini ipo barua moja ya mwaka 1973 ambayo mpaka leo, nikiwa mzee mstaafu mwenye wajukuu, sijaweza kuisahau. Ilikuwa na mistari minane tu. Ilimfahamisha kijana mmoja mkimbiaji kwamba jina lake limeondolewa katika timu ya wilaya, kwa sababu amepokea baiskeli na shilingi 200 kutoka kwa mfanyabiashara aliyeandaa mashindano ya sikukuu.

Kwa lugha ya siku zile, kijana yule alikuwa amepoteza hadhi ya kuwa mchezaji wa ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kupenda, bila malipo. Kamati yetu ilikuwa na kijitabu cha kanuni, kurasa zilizorudufiwa na kubanwa kwa pini, na kijitabu hicho kilisema wazi kwamba atakayepokea fedha kwa sababu ya mbio zake asishindane tena na wenzake. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 25, mwalimu mpya na katibu wa kamati ya riadha ya wilaya. Niliamini kwamba kufuata kanuni ndiyo haki yenyewe. Kijana hakubishana. Aliisoma barua, akaikunja, akapanda ile baiskeli akaenda zake. Sikumwona tena katika mashindano yoyote.

Ilinichukua miaka mingi kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kuchukua kalamu: kanuni ile ilitoka wapi? Ni nani aliyesema kwamba mtoto wa mkulima akishinda mbio na kupewa baiskeli amejichafua? Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma, nikaanza kuufuata uzi huo nyuma. Hakuibuni mtu mmoja. Ilianza Uingereza katika karne ya 19, miongoni mwa mabwana ambao hawakuhitaji kulipwa kwa lolote. Lakini katika karne ya 20 kanuni hiyo ilikuwa na mlinzi wake mkuu, na mlinzi huyo hakuwa Mwingereza wala hakuzaliwa bwana. Alikuwa mhandisi wa ujenzi kutoka Chicago, Marekani, aliyeitwa Avery Brundage. Nataka nimsimulie hapa, si kwa sababu nampenda, wala kwa sababu namchukia, bali kwa sababu nilipomjua nilijiona na mimi ndani yake.

Brundage alizaliwa Detroit tarehe 28 Septemba 1887. Baba yake alikuwa mchonga mawe. Familia ilihamia Chicago mtoto akiwa na miaka mitano hivi, na muda si mrefu baba akaondoka nyumbani, akamwacha mkewe na watoto. Avery alikulia zaidi mikononi mwa ndugu wa ukoo, na alifanya kazi ya kusambaza magazeti. Alisoma shule ya ufundi ya Crane, na huko ndiko alikoanza riadha. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Illinois, akahitimu uhandisi wa ujenzi mwaka 1909 kwa alama za juu. Alikuwa mrushaji mzuri wa kisahani.

Msomaji azingatie mwanzo huo. Huyu hakuwa mtoto wa tajiri. Alijua njaa ya elimu na aibu ya kuachwa na baba. Kila alichokuwa nacho alikipata kwa jasho, na jambo hilo, kama nitakavyoeleza, ndilo lililomjenga na ndilo lililompofusha.

Baada ya chuo aliajiriwa na kampuni kubwa ya wasanifu majengo ya Holabird & Roche kusimamia ujenzi. Ilikuwa kazi nzuri kwa kijana. Mwaka 1912 alipochaguliwa kuiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya Stockholm, aliiacha kazi hiyo ili aende. Katika mashindano ya michezo mitano alishika nafasi ya 6. Katika michezo kumi alijikuta yuko nyuma sana kwa pointi, akajitoa kabla ya kumaliza. Mshindi wa mashindano yote mawili alikuwa Mmarekani mwenzake, Jim Thorpe, mtu wa kabila la Sac and Fox, mmoja wa wanariadha hodari kuliko wote walioonekana katika karne ile.

Mwaka uliofuata, 1913, iligundulika kwamba mwaka 1909 na 1910 Thorpe alikuwa amecheza besiboli huko North Carolina kwa malipo madogo. Wanafunzi wengi wa wakati ule walifanya hivyo wakati wa likizo, lakini walitumia majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake. Akanyang'anywa medali zote mbili na jina lake likafutwa katika orodha ya washindi. Brundage hakuhusika na hukumu hiyo. Alikuwa kijana tu. Lakini baadaye, alipokuwa na uwezo wa kuitazama upya, alikataa. Thorpe alifariki mwaka 1953 bila medali zake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali kumrudishia heshima yake mwaka 1982, miaka saba baada ya Brundage mwenyewe kufariki, na ilipofika Julai 2022 ndipo Thorpe alipotambuliwa kuwa mshindi pekee. Miaka zaidi ya mia moja kwa ajili ya fedha za likizo! Niliposoma habari hiyo nilikiweka kitabu chini, nikatoka nje kidogo kupunga upepo.

Turudi kwa mhandisi wetu. Mwaka 1915 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya ujenzi. Chicago ya wakati huo ilikuwa ikipanda juu kwa kasi, na mkandarasi aliyejua kazi yake hakukosa mkate. Kampuni yake ilijenga majumba ya kupanga, maofisi, hoteli ya Shoreland, na kiwanda cha kuunganisha magari ya Ford. Wakati huohuo hakuacha michezo: alikuwa bingwa wa Marekani wa mashindano ya michezo mingi katika miaka ya 1914, 1916 na 1918. Mwaka 1927 alimwoa Elizabeth Dunlap, binti wa mwenye benki.

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, ujenzi ulisimama na Brundage alipata hasara kubwa. Hapo ndipo mhandisi alipogeuka kuwa mtu wa fedha. Wakati wengine wanauza kwa hofu, yeye alinunua kwa bei ya kutupa hisa na hati za mikopo za majengo yaliyokuwa yameelemewa na madeni. Uchumi ulipofufuka, majengo hayo yakawa mali. Miongoni mwa aliyoyapata ni hoteli kubwa ya La Salle katikati ya Chicago. Tangu hapo hakuhitaji tena kufanya kazi ili ale. Akawa na muda na fedha za kuwatumikia wanamichezo, na kuwaamuru.

Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa rais wa Amateur Athletic Union, chombo kilichosimamia michezo ya ridhaa nchini Marekani, na wakati huohuo akawa mkuu wa kamati ya Olimpiki ya taifa hilo. Cheo hiki cha pili alikishika mpaka 1953, robo karne nzima. Hakulipwa mshahara. Alisafiri kwa fedha zake, alijibu barua nyingi, na aliamini kwa moyo wote kwamba uwanja wa michezo ndiyo mahali pekee duniani ambapo mtu hupimwa kwa miguu na mapafu yake tu, si kwa ukoo, rangi wala mfuko.

Imani nzuri hiyo. Lakini imani hupimwa siku inapogharimu, na siku hiyo ilikuja mapema.

Olimpiki ya 1936 ilikuwa imepangiwa Berlin, na mwaka 1933 Hitler akachukua madaraka. Wayahudi walifukuzwa katika vilabu vya michezo vya Ujerumani. Marekani wakatokea watu, si Wayahudi peke yao, waliosema timu isiende. Mwaka 1934 Brundage alikwenda Ujerumani kuchunguza, akatembezwa na wenyeji wake, akarudi na kusema hali ni njema. Desemba 1935 wajumbe wa Amateur Athletic Union walipiga kura, na pendekezo la kuisusia Berlin likashindwa kwa tofauti ndogo mno. Mjumbe wa Marekani katika Kamati ya Kimataifa aliyepinga safari hiyo hadharani, Ernest Lee Jahncke, alifukuzwa katika kamati mwaka 1936, na kiti chake akakalia Brundage.

Timu ilikwenda. Jesse Owens alishinda medali nne za dhahabu, na wengi husema kwamba hilo linatosha kuihalalisha safari. Lakini kuna vijana wawili katika timu hiyohiyo, Marty Glickman na Sam Stoller, waliokuwa wamejiandaa kukimbia mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne. Siku ya mbio wakaambiwa hawatakimbia. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Wakuu wa timu walitoa sababu za kiufundi, na Brundage alikanusha daima kwamba kulikuwa na jambo jingine. Mwaka 1938 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni yake kazi ya kujenga ubalozi mpya wa Ujerumani mjini Washington, ingawa ubalozi huo haukujengwa kwa sababu ya vita.

Hapa ndipo neno lake kuu, kwamba michezo na siasa ni maji na mafuta, linapoanza kuonyesha ufa. Mtu huyo alichukua kiti kilichoachwa wazi na mwenzake aliyefukuzwa kwa sababu ya msimamo wake, kisha akasema hajui siasa. Sisemi alikuwa mnafiki. Mnafiki hujua anachokificha. Nadhani Brundage aliita siasa kila jambo lililodaiwa na wanyonge, na kila jambo lililofanywa na wenye nguvu aliliita utaratibu. Wako wengi wa namna hiyo, hata katika kamati za wilaya.

Baada ya vita alikuwa makamu wa rais wa Kamati ya Kimataifa, chini ya Sigfrid Edström wa Sweden, ambaye naye alikuwa mhandisi. Mwaka 1952, mjini Helsinki, Brundage alichaguliwa kumrithi. Alikuwa rais wa kwanza asiye wa Ulaya, akakaa miaka 20.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, ndivyo wahenga walivyotufundisha. Na mwenye nguvu naye apewe haki yake. Katika miaka hiyo, vita baridi ikiwa imepamba moto, Brundage aliwafanya Wajerumani wa Mashariki na wa Magharibi waingie uwanjani kama timu moja katika Olimpiki za 1956, 1960 na 1964. Hakuna mwanasiasa aliyefanikiwa kufanya hivyo. Wasovieti walishiriki bila kufukuzwa ingawa yeye mwenyewe aliuchukia ukomunisti. Mwaka 1963 Sir Adetokunbo Ademola wa Nigeria akawa Mwafrika mweusi wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa. Na alikuwa mpenzi mkubwa wa sanaa za Asia. Maelfu ya vyombo na sanamu alizokusanya alizitoa kwa mji wa San Francisco, na zikawa msingi wa jumba la makumbusho ambalo watu hulitembelea hadi leo.

Lakini ilikuwa ni katika miaka hiyohiyo alipokutana na sisi Waafrika, na hakutuelewa.

Mkutano wa Kamati ya Kimataifa wa Oktoba 1963 ulikuwa ufanyike Nairobi. Kenya ilikuwa imebakiza miezi michache kupata uhuru, na serikali haikukubali kuwahakikishia wajumbe wa Afrika Kusini ya Makaburu ruhusa ya kuingia nchini. Brundage na wenzake wakauhamishia mkutano Baden-Baden, Ujerumani. Hata hivyo hoja ya Nairobi haikuachwa Nairobi. Mwaka 1964 Afrika Kusini haikwenda Tokyo. Mwezi Februari 1968, mjini Grenoble, Kamati ikaamua kuialika tena Afrika Kusini katika Olimpiki ya Mexico. Baraza Kuu la Michezo la Afrika, lililoundwa Bamako mwaka 1966, likatangaza kwamba Afrika itasusa. Mwezi Aprili mwaliko ukafutwa, na mwaka 1970 Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa katika familia ya Olimpiki. Kwa Brundage hayo yalikuwa vitisho. Kwetu sisi yalikuwa jambo jepesi kuelewa: mtu anayemkataza jirani yako kukimbia naye kwa sababu ya rangi yake, huyo ndiye aliyeleta siasa uwanjani, si wewe unayekataa kukimbia naye.

Hiyo Mexico ya 1968 ndiyo iliyotupa sisi Afrika Mashariki nafasi yetu. Kenya ilipata medali tisa, tatu za dhahabu: Naftali Temu katika mita 10,000, Amos Biwott katika kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino katika mita 1,500. Tanzania hatukupata medali, lakini tulimpata John Stephen Akhwari. Alianguka katika marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji, na zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshaingia, aliingia uwanjani akichechemea mpaka mwisho. Alisema kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili amalize. Rais wa Olimpiki, aliyejitoa katika michezo kumi mwaka 1912, nadhani aliielewa thamani ya jambo hilo kuliko watu wengi.

Katika michezo hiyohiyo, Tommie Smith na John Carlos, Wamarekani weusi, walisimama jukwaani na kuinua ngumi zilizovishwa glovu nyeusi. Brundage alitaka waondolewe, na kamati ya nchi yao, kwa kushinikizwa, ikawaondoa. Watu wakakumbuka kwamba mwaka 1936 mikono mingine iliinuliwa jukwaani Berlin, ikitoa salamu ya Kinazi, na Brundage hakuona tatizo. Nyani haoni kundule.

Nilianza ualimu nikiwa na redio ya betri, na Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 niliifuatilia usiku baada ya usiku, majirani wakiwa wamejaa uani. Kabla haijaanza, Waafrika walitishia tena kuondoka kwa sababu ya Rhodesia ya Ian Smith, na tarehe 22 Agosti Kamati ikapiga kura kuiondoa Rhodesia, 36 dhidi ya 31. Tarehe 2 Septemba John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na uani kwangu watu walipiga kelele kana kwamba ni mtoto wa mtaani kwetu.

Siku tatu baadaye ikaja habari ya msiba. Wapalestina wenye silaha waliingia katika kijiji cha wanamichezo, na mpaka mwisho wa tukio Waisraeli 11 walikuwa wameuawa. Tarehe 6 Septemba ibada ya kumbukumbu ilifanyika uwanjani. Brundage, mzee wa karibu miaka 85, alisimama na kusema kwamba Michezo lazima iendelee. Mpaka leo watu wanabishana kama alikuwa sahihi. Mimi naona alikuwa na hoja: kusimamisha kila kitu kungewapa wauaji ushindi walioutaka. Lakini katika hotuba hiyohiyo alisema Michezo imeshambuliwa mara mbili kikatili, na shambulio lile jingine alilolitaja lilikuwa suala la Rhodesia. Maiti hazijazikwa, na mzee anaziweka katika mizani moja na madai ya Waafrika kwamba wasikimbie na serikali ya kibaguzi! Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa akinitafsiria gazeti la Kiingereza, alirudia kusoma sentensi ile mara mbili kwa kudhani ameikosea.

Siku iliyofuata Vincent Matthews na Wayne Collett, Wamarekani weusi walioshika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 400, walisimama jukwaani bila adabu iliyotakiwa wakati wimbo wa taifa lao unapigwa. Wakafungiwa. Marekani ikakosa watu wa kutosha kwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, na dhahabu ikachukuliwa na Kenya: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Tulishangilia sana. Sikujua wakati ule kwamba nashangilia pia matokeo ya barua ya kufungiwa.

Munich ilipokwisha Brundage alistaafu, akamwachia kiti Lord Killanin wa Ireland. Alifariki tarehe 8 Mei 1975 huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani.

Na ule uridhaa alioulinda? Tayari mwaka 1972 huo alikuwa amemfungia Karl Schranz wa Austria, bingwa wa kuteleza kwenye theluji, asishiriki Olimpiki ya Sapporo kwa sababu ya fedha za matangazo. Miaka miwili baada ya yeye kuondoka kanuni zikaanza kulegezwa, na ilipofika Barcelona 1992 mabilionea wa baadaye wa mpira wa kikapu walicheza Olimpiki bila mtu kuuliza mifuko yao. Wakati wa Brundage haki za televisheni zilikuwa zimeshaanza kupanda, kutoka karibu dola laki nne zilizolipwa Marekani kwa ajili ya Roma 1960 hadi zaidi ya milioni saba kwa Munich. Fedha ilikuwa imeshaingia nyumbani kwa mlango mkubwa, huku mlinzi akiwa bado anampekua mwanariadha kwenye mlango mdogo.

Sasa niseme lile nililokusudia. Kanuni ya ridhaa haikuwa mbaya kwa sababu ilipenda michezo isiyo na fedha. Mimi nami naipenda. Ninapoona leo jinsi kamari na dawa za kuongeza nguvu zinavyoitafuna michezo, naona kwamba mzee yule hakuwa akiota ndoto za bure alipoonya. Kanuni ilikuwa mbaya kwa sababu haikumwuliza mtu anakula nini. Wanariadha wa nchi za kikomunisti walilipwa na jeshi, wakaitwa wa ridhaa. Hata kwetu: Keino alikuwa polisi, Temu mwanajeshi, Biwott alikuwa wa magereza, na Filbert Bayi wetu alikuwa mwanajeshi. Sisemi walikosea, ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo. Lakini aliyelipwa na serikali mwezi mzima ili afanye mazoezi alikuwa safi, na kijana wangu aliyepewa baiskeli mara moja alikuwa mchafu. Hakuna mizani ya dukani ingekubaliwa kupima hivyo.

Na kwa nini mtu mwenye akili kama Brundage hakuliona hilo? Nadhani ni kwa sababu alikuwa amepanda mwenyewe. Alisambaza magazeti akasoma. Aliacha kazi akaenda Stockholm, na kazi nyingine akaipata. Alifilisika nusura, akainuka. Aliamini kwamba anachoweza yeye kila mtu anaweza, na asiyeweza hana moyo. Hakukumbuka kwamba mhandisi mwenye shahada akiacha kazi Chicago hupata nyingine, lakini mwana wa mkulima akipoteza msimu wa kilimo hukosa chakula cha mwaka. Mtu aliyevuka mto kwa kuogelea huwa mwepesi wa kuwacheka wanaoomba mtumbwi.

Ndipo ninapojiona. Mimi nami nilitoka katika familia ya jembe. Nilitembea maili sita kwenda shule. Nilipopata ualimu niliwaambia vijana kila siku kwamba nidhamu ndiyo iliyonifikisha, na nilipokaa na kijitabu kile cha kanuni mbele yangu nilijisikia msafi. Sikumwuliza kijana yule nyumbani kwao wako wangapi. Nilijua mpaka robo ya pointi kuhusu rekodi zake, lakini sikujua kama baba yake yu hai.

Mwaka 1998 nilikutana naye kituo cha mabasi. Alikuwa ameanza kuota mvi. Alinitambua yeye kwanza.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu, mwalimu. Tunasukuma."

Tukazungumza juu ya mvua, bei ya mahindi, na watoto wake wanne. Mmoja alikuwa sekondari. Nilikuwa na neno kooni ambalo halikutoka. Yeye hakuitaja barua wala baiskeli. Basi lake lilipofika alinipa mkono kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kuwapa wakubwa, akapanda. Nilibaki nimesimama hapo hata basi langu likanipita.

Mwezi Juni 2025, kiti alichokikalia Brundage kwa miaka 20 kilikaliwa na Kirsty Coventry, mwogeleaji wa zamani wa Zimbabwe, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukishika. Zimbabwe ndiyo ile Rhodesia ya Munich, na ni mtu wa pili tu asiye wa Ulaya, baada ya Brundage mwenyewe. Miaka mitano kabla ya hapo, jumba la makumbusho la San Francisco liliiondoa sanamu yake mlangoni, kwa sababu ya yale aliyoyasema na kuyatenda. Dunia imeshatoa hukumu yake juu ya mhandisi wa Chicago, na sina haja ya kuongeza jiwe.

Mimi hukumu yangu iko kwangu. Barua ya 1973 haina jina la Brundage. Ina jina langu na sahihi yangu, iliyoandikwa kwa wino wa bluu na kwa mwandiko mzuri. Kama mwenye baiskeli atazisoma kurasa hizi, au mwanawe yule wa sekondari akazisoma kwa niaba yake, basi neno lililonikwama kituoni ni hili: kanuni ilikuwa ya wengine, lakini kosa la kutokuuliza lilikuwa langu. Naomba radhi.